Redio ya tahadhari ya hali ya hewa: misimu mitatu kando ya kitanda, na usiku mmoja wa tonado

Nawaandikia nyinyi mnaosoma Kiswahili na mnaoishi, au mnakaribia kuhamia, kwenye mashamba ya katikati ya Marekani. Najua hamko wachache: wa viwanda vya nyama, wa mazizi ya ng'ombe, wa malori. Mtu akifika huku anapokelewa na habari za baridi, anatafutiwa koti na buti. Habari za tonado za mwezi wa tano, ule upepo unaozunguka ukishuka kutoka kwenye wingu, hakuna anayempa. Sisi tulikaa karibu mwaka mzima ndipo jirani akatuuliza kama tuna redio ya hali ya hewa, na mume wangu akamjibu kwamba tunazo simu mbili nzuri. Yule mzee hakubishana. Alituangalia, akaangalia treila tunayoishi, yaani nyumba ya bati ya kuhamishika, kisha akasema tuinunue kabla ya Aprili.

Tukanunua. Dola 35, na chenji kidogo ya kodi. Ni kidude cheupe cha kukaa mezani, ukubwa wake hauzidi nusu tofali, kina antena ya kuvuta, skrini ndogo na taa tatu mbele. Chapa yake siitaji, kwa sababu kasoro nitakazozisema nimeziona pia kwenye redio ya mzee ambayo ni ya kampuni nyingine, na sifa ni vilevile.

Kwanza nieleze ni kitu gani, maana mimi mwenyewe nilidhani ni redio ya kawaida yenye taarifa ya habari. Hii haishiki muziki wala mpira. Inashika masafa saba tu, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, ambako redio ya FM haifiki. Huko Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani inatangaza usiku na mchana kupitia mitambo zaidi ya 1,000 nchi nzima, huduma inayoitwa NOAA Weather Radio. Ukiizima sauti, redio inabaki kimya lakini inasikiliza. Ofisi ya hali ya hewa ikitoa onyo, hutanguliza milio mifupi ya mkwaruzo yenye msimbo wa kaunti ndani yake. Redio ikitambua kwamba msimbo ule ndio ulioiwekea, inajifungua yenyewe na kupiga kelele. Haihitaji intaneti, haihitaji laini ya simu, wala wewe kuwa macho.

Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa.

Tunaishi magharibi mwa Kansas, kilomita 14 kutoka mji mdogo wa karibu, kwenye kiwanja cha yule mzee. Siku ile ilikuwa katikati ya Mei. Asubuhi upepo ulikuwa wa kusini, mzito, na saa tatu tu nguo ilishanigandia mgongoni. Nimezaliwa Tanga, joto la namna hiyo nalijua. Nikatoka nje nikavuta pumzi nikajisikia niko kwetu. Mzee alikuwa anafunga lango la banda. Akaniambia hewa hii haipendi hata kidogo.

Baadaye nilielewa kwa nini. Unyevu ule ulikuwa umesafiri kutoka Ghuba ya Mexico. Upande wa magharibi yetu hewa ni kavu, inashuka kutoka Milima ya Rocky, na mahali zinapokutana pana mpaka ambao unaweza kuuvuka kwa gari ukauona: nyuma yako majani yana umande, mbele yako vumbi. Juu ya hewa ile yenye unyevu hulala tabaka la hewa ya moto, kama mfuniko juu ya sufuria. Jua linachochea chini mchana kutwa na mfuniko unazuia. Ukifunguka jioni, kila kilichokusanyika kinapanda kwa mkupuo, na wingu lililokuwa kama pamba saa kumi linakuwa na urefu wa kilomita 15 kabla jua halijazama.

Lakini wingu la radi peke yake halizai tonado. Zinatakiwa pepo zisizokubaliana: wa chini unatoka kusini-mashariki, wa juu yake kusini-magharibi, na juu kabisa unatoka magharibi kwa kasi kubwa. Hewa iliyo katikati ya pepo hizo inajikunja kama mkeka. Mkeka ule umelala. Hewa inayopanda ndiyo inayokuja kuusimamisha wima, na hapo wingu zima linaanza kuzunguka. Mawingu mengi ya namna hiyo huzunguka, humwaga mvua ya mawe, kisha hufa bila kushusha kitu. Machache hushusha. Mtu wa ofisi ya hali ya hewa anapaswa kuamua lipi ni lipi wakati bado kuna dakika za kukimbia.

Neno lenyewe lilitusumbua nyumbani. Mama mkwe, anayeishi nasi, aliposikia "tonado" alisema basi ni kimbunga, kama Hidaya aliyepiga pwani ya Tanzania Mei 2024. Nikamweleza kwamba kimbunga huzaliwa baharini, kina upana wa mamia ya kilomita, na watu huanza kukisikia redioni siku kadhaa kabla. Hiki cha huku kinafanana zaidi na chamchela, ule upepo wa kuzunguka unaobeba vumbi na majani uwanjani, ila chamchela huanzia chini kwenye udongo wa moto na hiki kinaning'inia kwenye wingu. Hakitangazwi siku tatu kabla. Ukipewa robo saa umepewa nyingi.

Saa 11:20 jioni redio ililia mara ya kwanza, taa ya rangi ya chungwa ikawaka. Rangi hiyo ni ya kukaa macho. Inatokana na uamuzi wa kituo cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, na inahusu kaunti nyingi kwa saa kadhaa: hali inaruhusu, bado hakuna kilichoonekana. Nikachaji simu. Nikamwambia mume wangu aegeshe gari mbali na njia ya kwenda kwenye handaki la mzee, shimo la zege la kujificha dhoruba. Viatu vya mama mkwe nikavitoa uvunguni nikaviweka wazi.

Magharibi anga lilijaa mifuko mifuko inayoning'inia, kama viwele vya ng'ombe, na jua lilipokuwa linazama likaipaka rangi ya dhahabu. Nilisimama mlangoni nikaangalia mpaka ikawa kijivu. Sijawahi kuona anga zuri kuliko lile, na siwezi kulikumbuka bila tumbo kunikata.

Saa 4:12 usiku umeme ulikatika. Redio ikatoa mlio mmoja mfupi, ikahamia kwenye betri. Mama mkwe alikuwa amelala, mume wangu alikuwa amesinzia kwenye kochi kwa sababu zamu yake inaanza alfajiri. Mimi nilikuwa najilaza. Mvua ya mawe ikaanza, na kwenye bati la treila mvua ya mawe ni kelele tupu, mtu akikuita kutoka chumba cha pili humsikii.

Saa 4:31 ikalia. Kwanza ile mikwaruzo mitatu, kisha king'ora chake chenyewe, kikali kiasi kwamba nilikisikia juu ya mawe. Taa nyekundu. Sauti ya kiume ya kompyuta ikasoma: onyo la tonado kwa kaunti yetu hadi saa 5:00, mzunguko umeonekana kwenye rada, unaelekea kaskazini-mashariki kwa kasi ya maili 30 kwa saa. Ikataja kijiji kilicho kusini-magharibi yetu. Nilipolisikia jina hilo sikusubiri sentensi ya pili.

Simu zetu mbili nzuri hazikulia. Mnara ulikuwa umezimika pamoja na umeme, au ulikuwa umeelemewa. Alama ya mtandao ilikuwa imepotea tangu saa nne na robo. Ving'ora viko kule mjini, kilomita 14, na hata huko vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje, si wa kumwamsha mtu aliyelala ndani. Kama si kile kidude cheupe, tungekuwa tumelala.

Kutoka mlango wetu hadi handaki la mzee ni hatua zangu 130. Kwa mama mkwe mwenye miaka 71, tuliwahi kupima mchana mmoja wa Machi: dakika 2 na sekunde 40. Usiku ule zikawa karibu dakika 4, kwa sababu ya matope na mawe ya ukubwa wa ndimu. Alikuwa amevaa helmeti ya pikipiki ya mume wangu, mimi nilikuwa na sufuria kichwani. Redio niliichomoa ukutani nikaibana kwapani. Mzee na bibi yake walikuwa wameshashuka, wametuachia mlango, wametuwashia taa.

Saa 4:43 ilipita. Masikio yaliziba kama ndani ya ndege. Watu husema inanguruma kama treni. Mimi nilisikia kitu cha chini zaidi ya hapo, kilichokuwa kwenye ukuta na kwenye magoti kuliko masikioni. Kisha kikaondoka. Redio ikaendelea kuzungumza gizani, ikataja kijiji kilicho kaskazini-mashariki yetu, na hapo mzee akasema, "Basi, imeshatupita." Tulikaa mpaka saa 5:10, kwa sababu redio ilitaja wingu la pili nyuma ya lile. Hii ni faida ambayo sikuifikiria nilipokuwa nanunua: ndani ya shimo la zege, redio yenye betri na antena iliyovutwa hadi karibu na tundu la hewa ndiyo iliyotuambia lini tutoke.

Ilipita mita 600 hivi kaskazini mwetu. Hatukuumia hata mmoja. Treila ilisogezwa na upepo wa pembeni tu, ikatoka kwenye matofali yake upande mmoja, na shiti nane za bati tulizikuta shambani. Ule mtambo mrefu wa kumwagilia wenye magurudumu ulilala ubavu urefu wake wote. Silo ya bati ya jirani wa pili ilikuwa imekunjwa kama karatasi na kutupwa upande wa pili wa barabara. Ng'ombe watatu walikufa. Nguzo za umeme zilikatika kumi na moja, na siku nne tulikaa bila umeme.

Sasa nirudi kwenye redio yenyewe, maana kuna mambo usipoyafanya umenunua pambo.

La kwanza ni msimbo wa kaunti. Redio ikitoka kwenye boksi inalia kwa kila onyo linalorushwa na mnara unaoishika, na mnara mmoja hufika kama kilomita 65 kila upande, kaunti nyingi kabisa. Wiki ya kwanza ililia usiku tatu kwa mafuriko ya mahali ambako sijawahi kufika, na mume wangu akaichomoa. Nusura hadithi yetu iishie hapo. Dawa yake ni kuiwekea namba sita za kaunti yako. Tarakimu ya kwanza ni 0, mbili zinazofuata ni za jimbo (Kansas ni 20), tatu za mwisho ni za kaunti. Namba hizo zipo kwenye tovuti ya idara ya hali ya hewa. Kuziingiza ndiyo kazi: vitufe ni vidogo, orodha ni ndefu, maelezo kwenye karatasi yameandikwa kwa herufi ambazo mama mkwe hawezi kuziona hata kwa miwani. Ilinichukua jioni nzima. Hapa watengenezaji wamekosea, na nasema hivyo bila kuficha: kitu cha kuokoa maisha hakipaswi kumhitaji mtu aliyesoma.

Ukishaiweka ya kwenu, ongeza kaunti iliyo kusini-magharibi yako. Hili hakuna karatasi iliyoniambia, ni mzee. Dhoruba za majira ya machipuo huku mara nyingi hutoka upande huo. Onyo la kwa jirani zako wa kusini-magharibi usiku wa leo laweza kuwa lako baada ya nusu saa. Utalala vibaya usiku mbili tatu zaidi kwa msimu. Mimi nimekubali.

La pili ni kwamba redio haijui nyumba yako ilipo. Tangu Oktoba 2007 idara ya hali ya hewa huchora onyo kama umbo lenye pembe kwenye ramani, likifuata njia ya dhoruba, na simu yenye mtandao inaweza kulifuata umbo hilo. Redio bado inakwenda kwa kaunti. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 2,000, kwa hiyo tonado ikitishia kona ya kusini nasi tuko kaskazini tunaamshwa sote. Katika misimu mitatu imetuamsha au kutushtua kwa onyo la tonado mara tisa. Mara moja ndiyo ilikuwa yetu. Ukijumlisha na kwamba takribani maonyo saba katika kila kumi ya tonado hayaishii kwenye tonado, utaona kwa nini watu wengi huzichomoa. Nawasihi msiichomoe. Kila ikilia, sikiliza majina ya vijiji inayoyataja. Bandika ramani ya kaunti ukutani juu yake, uwe unaviona vijiji vyote vinavyokuzunguka. Tangu nibandike ramani, ninaweza kuamua ndani ya sekunde kumi kama tunakimbia au narudi kulala.

Maonyo hayo ya bure yana sababu ambayo mtu wa shamba anapaswa kuijua. Rada iliyo karibu nasi iko umbali wa kilomita 110. Mwale wake wa chini kabisa unainuka kwa nusu nyuzi, na dunia nayo inajipinda chini yake, kwa hiyo ukifika kwetu uko juu ya kilomita moja na nusu kutoka ardhini. Rada inaona mzunguko ulio tumboni mwa wingu. Kinachotokea chini, kwenye mahindi, haikioni. Mijini kuna macho mengi. Huku kuna wakulima na watu wa kujitolea waliofundishwa kutazama mawingu, ambao usiku, kwenye mvua, nao hawaoni. Mtaalamu anayetoa onyo la kwetu anaamua akiwa na nusu ya picha. Afadhali aniamshe.

La tatu ni betri. Yangu inatumia tatu za AA. Msimu wa kwanza hatukuziweka kabisa, kwa sababu redio ilikuwa ukutani na ilifanya kazi. Dhoruba kubwa hukata umeme kabla haijafika. Kama ingekuja mwaka ule, redio ingekufa dakika kumi na tisa kabla ya onyo. Sasa nabadilisha betri mara mbili kwa mwaka, zile siku ambazo huku Marekani saa hurudishwa nyuma na kusogezwa mbele. Zikikaa muda mrefu huvuja na kula chuma cha ndani, kama ilivyotokea kwenye redio ya mzee.

Kuna pia suala la treila. Ukuta wake ni wa bati, na bati linazuia mawimbi. Redio ilipokuwa chumbani katikati ilikuwa inakwaruza; nilipoisogeza dirishani ikawa safi kama maji. Jaribu kila dirisha. Kila Jumatano karibu na adhuhuri wanarusha jaribio, na redio yako isipoonyesha kwamba imelipokea, ihamishe siku hiyohiyo.

Kuhusu lugha: sauti ni ya Kiingereza, ya mashine, haina pumzi. Wiki za kwanza hata mimi ninayekisema Kiingereza kazini nilikuwa nashika nusu. Kuna mitambo inayorusha pia kwa Kihispania. Kwa Kiswahili sijasikia, na naumia kwa hilo, maana nawajua wazee wetu wanaobaki nyumbani peke yao watoto wakiwa kwenye zamu ya usiku. Lakini taa hazina lugha. Njano ni taarifa, chungwa ni kukaa macho, nyekundu ni onyo. Hiyo ndiyo sababu ningewashauri mchague yenye taa tatu za rangi hata kama kuna nyingine ya bei nafuu yenye skrini kubwa.

Siku mbili baada ya usiku ule walikuja maofisa wa idara ya hali ya hewa, wanatembea mashambani na kupiga picha nguzo zilizokatika. Wakaipa daraja la EF1, kwenye kipimo kinachoanzia EF0 hadi EF5, yaani upepo wa kilomita 138 hadi 177 kwa saa. Rafiki yangu wa mjini akaniambia kumbe ilikuwa ndogo. Nataka kulieleza hili, kwa sababu litawafanya watu wapuuze. Kipimo hiki kilianzishwa na Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971, na kilichoboreshwa kinatumika tangu 2007. Hakipimi upepo. Kinapima kilichovunjika, halafu upepo unakadiriwa kutokana na hapo. Shambani kuna nini cha kuvunjika? Nguzo, banda, miti michache. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa kilomita 4.2 ilipita kwenye eneo ambalo sehemu kubwa ni mashamba. Rada za utafiti zilizokuwa karibu zilipima pepo zilizozidi kilomita 400 kwa saa. Daraja lililobaki kwenye vitabu ni EF3, kwa sababu hakukuwa na majengo ya kutosha ya kutoa ushahidi. Watu wanane walikufa, mmoja wao akiwa Tim Samaras, mtafiti aliyezifuata tonado kwa miaka mingi, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Walikuwa ndani ya gari. Mtu mwenye ujuzi ule alishindwa kuikimbia kwa gari. Nikisikia kijana wetu anasema yeye ataendesha tu aondoke, namwambia habari hii.

Redio haina maana bila mahali pa kukimbilia, na treila si mahali. Kamba za chuma zinazoifunga ardhini hazitoshi. Kabla hamjasaini mkataba wa nyumba huku mashambani, ulizeni handaki liko wapi, ni la nani, linafungwa na kufuli au la, na usiku mnaweza kuingia bila kubisha hodi. Wenye uwezo wa kununua chumba cha chuma cha kujificha, waulizeni wauzaji kama kimepimwa: maabara ya Chuo Kikuu cha Texas Tech, Lubbock, hurusha mbao yenye uzito wa karibu kilo 7 kwa kilomita 160 kwa saa ili kuona kama ukuta na mlango vitastahimili. Mlango ndio wa kuuliza zaidi.

Mzee aliwahi kunisimulia habari za tonado ya tarehe 18 Machi 1925, iliyovuka majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana kwa karibu kilomita 350 na kuua watu 695. Siku hizo utabiri rasmi uliliepuka hata neno lenyewe, wasije wakatia watu hofu. Wakulima waliona giza linakuja wakadhani ni mvua. Nikiiangalia redio ya dola 35 iliyo dirishani kwangu, nawafikiria wale.

Ningepewa nyota tano za kugawa, ningeipa nne. Iliyobaki naizuia kwa ajili ya vitufe vyake na yale maelezo yasiyosomeka. Kazi yenyewe haijashindwa hata mara moja: umeme ulikuwepo au haukuwepo, mtandao ulikuwepo au haukuwepo.

Treila imeshanyanyuliwa, bati jipya limewekwa, na redio imerudi dirishani. Nimenunua ya pili kwa ajili ya chumba cha mama mkwe. Hajui neno lolote kati ya yale inayosema. Ila Jumatano ya kwanza jaribio liliporushwa, nilikuwa jikoni nikasikia mlio, nikaenda kumwangalia nikidhani ameshtuka. Nilimkuta ameketi kitandani, ameinama, anaitazama taa.

"Njano," akaniambia. "Hii si ya viatu."

Raba zake alikuwa ameziweka chini ya dirisha lile, kamba zimelegezwa tayari, na helmeti juu yake.